Siku Shangazi Alipokagua Maneno

Sketi ya Piroska Halmos ndiyo iliyomshusha Orrin Tackett kutoka kibandani mwake asubuhi ile, na wote waliokuwa ukumbini walijua kwamba sketi ilikuwa kisingizio tu.

Ni kweli kwamba ilikuwa ikipiga kelele. Mshonaji alikuwa ameitia wanga mwingi mno, na kila Piroska alipovuta pumzi, kipaza sauti kilichoning'inizwa juu ya kichwa chake kilinasa mchakacho kama wa mtu atembeaye juu ya majani makavu. Lakini desturi ya kazi ilikuwa fundi wa sauti ainue simu, amwambie mwongozaji, naye mwongozaji amwambie mshonaji. Orrin hakuinua simu. Alishuka ngazi za chuma mwenyewe, akavuka sakafu iliyong'arishwa kama kioo, akapita katikati ya wasichana wa dansi walioketi juu ya masanduku wakijipepea, maana taa za filamu ya rangi zilikuwa na joto la tanuri.

"Haya, fundi kashuka!" mmoja wao akasema. "Leo kasikia nini? Kope zake zinagongana?"

"Sketi," Orrin akajibu, masikio yamemwiva.

"Jana ilikuwa viatu, juzi bangili. Piroska, mwenzetu, kesho njoo umevaa gunia, uone kama hatasema nywele zako zinapiga kelele!"

Wakacheka, na Piroska akacheka pamoja nao, lakini kicheko chake kilikatika kabla ya vyao.

Filamu yenyewe iliitwa *Bustani ya Nyota*. Kampuni ilikuwa imewakusanya wote iliyowaandika mkataba, waimbaji, wachekeshaji, hata waigizaji wa huzuni ambao hawajapata kuimba hata bafuni, ikampa kila mmoja wimbo wake na pazia lake. Hakukuwa na kisa. Kulikuwa na wimbo baada ya wimbo, ngazi nyeupe baada ya ngazi nyeupe, na manyoya ya mbuni yasiyohesabika. Ili iuzwe ng'ambo, nyimbo ziliachwa kama zilivyo, ila kati ya wimbo na wimbo alisimamishwa mshereheshaji wa kuzungumza na watazamaji kwa lugha ya nchi yao. Mhispania alikwisha kupita, na Mswidi, na Mjerumani mmoja mwenye mbwembwe. Sasa ilikuwa zamu ya Wahungari. Mwigizaji aliyetarajiwa alipougua, mtu fulani akakumbuka kwamba katika safu ya tatu ya wasichana wa dansi alikuwamo mmoja aliyezaliwa Makó, mji wa vitunguu, binti wa mkuu wa stesheni. Hivyo ndivyo Piroska alivyotolewa nyuma ya manyoya akawekwa mbele ya pazia peke yake.

"Wakupe ile ya hariri laini," Orrin akamwambia. "Ile ya bluu."

"Mpiga kamera anasema filamu hii haiijui bluu. Itatoka kijani-kijani."

"Itoke itakavyo. Haichakachi."

"Kwa hiyo baba ataniona nimevaa kijani."

"Na mimi nitakuwa nimekuona umevaa bluu."

Piroska akamtazama. Alikuwa na macho ya kijivu, yenye tabia ya kutulia juu ya kitu kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Na Orrin, ambaye kabla ya kuja kwenye filamu alikuwa akipanda nguzo za simu huko Kansas wakati wa tufani bila kutetemeka, alijikuta anashikilia nyaya za taa kana kwamba ardhi imeinama.

"Hukulala," akasema kwa sauti ya chini.

"Nani kakuambia?"

"Hujaniambia zaidi ya sketi na kamera, lakini sauti yako ina mchanga."

"Usinisikilize hivyo, Orrin."

"Ndiyo kazi niliyoajiriwa."

"Basi leo fanya kazi nyingine." Akainamisha uso. "Treni inaondoka Jumamosi. Tiketi iko mezani kwa shangazi, kaiegemeza kwenye chupa ya siki ili niione kila ninapokula. Baba amekwisha kumpa neno Bwana Vidor wa duka la dawa. Mtu mzima, mpole, mjane. Hana ubaya wowote. Laiti angekuwa nao!"

"Mimi nilikuuliza swali Jumapili."

"Nikakwambia nipe mpaka filamu iishe."

"Inaisha leo."

"Najua inaisha leo!" Akasema kwa ukali, kisha akaugusa mkono wa Orrin kwa ncha za vidole, mguso mfupi kama wa mtu anayepima kama pasi imepata moto. "Siwezi kukupa jibu lililoibwa. Shangazi akikataa, ni baba amekataa. Kwetu ndivyo ilivyo. Nikiondoka nyumbani kwao kama mwizi, hata furaha yangu nitakuwa naila nimejificha."

Jibu la shangazi Orrin alikwisha kulipata. Jumapili ile ile alikuwa amekwenda kwenye nyumba ya Shangazi Etel, alikopangisha vyumba kwa Wahungari waliokuja kutafuta bahati kwenye filamu, akasimama barazani kofia mkononi. Shangazi hakumkaribisha ndani, wala hakumfukuza. Alikuwa akichambua mbegu za mpopi kwa ajili ya keki, na hakuacha kuchambua.

"Wewe ni kijana mwema," alimwambia kwa Kiingereza chake cha jikoni. "Hunywi. Viatu vyako safi. Lakini niambie, kwetu mtu aliyefiwa anaambiwaje?"

"Sijui, mama."

"Mtoto akianguka, tunamwambiaje?"

"Sijui."

"Mwanamke hucheka kwa lugha yoyote, kijana. Kulia hulia kwa lugha aliyonyonya. Siku atakapolia, na hakuna ndoa isiyo na siku hiyo, wewe utasimama hapo na kofia yako, hivyo hivyo, umsikie kama mvua ya juu ya bati. Nenda mwanangu. Si chuki."

Lililokuwa gumu zaidi ni kwamba hakusema kwa chuki. Kwa chuki mtu hupata pa kushikia.

Na sasa, Orrin aliporudi ngazini, alimkuta Shangazi Etel mwenyewe mlangoni mwa kibanda cha sauti, kavaa kofia yake ya kanisani, mkoba kifuani kama ngao. Kwa kuwa hapakuwa na mtu katika kampuni nzima aliyejua Kihungari, hata mwongozaji aliyekiamrisha, ilikuwa desturi kwa kila lugha kuajiri mkaguzi mmoja wa kuketi na fundi wa sauti, asikilize, kisha aseme kama maneno ni sawa. Mtu wa ofisini aliuliza mtaani ni Mhungari gani anayeheshimika. Akaelekezwa kwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha.

"Kumbe ni wewe," Shangazi akasema.

"Ni mimi, mama. Karibu kiti."

"Hiki kijumba hakina hewa."

"Hakina sauti pia. Ndiyo maana yake."

Aliketi. Orrin akamvisha vyombo vya kusikilizia kwa uangalifu mkubwa, asimvuruge kofia. Mbele yao palikuwa na dirisha la vioo viwili, na ng'ambo ya kioo, chini kabisa, Piroska amesimama mbele ya pazia jekundu, mdogo kama mwanasesere wa kwenye keki, ndani ya hariri ya bluu ambayo dunia ingeiona kijani.

Bwana Fenwick, mwongozaji, mtu mnene aliyevaa fulana ya ndani na tai, alipiga makofi. "Binti, ni rahisi! Unawaambia sasa wanakuja Bi Corinne Vail na Bwana Desmond Lark katika wimbo wa wapendanao, unatabasamu, pazia linafunguka. Mbele!"

Taa nyekundu ikawaka. Ukumbi mzima ukanyamaza, ukimya wa watu mia waliokatazwa hata kukohoa. Piroska akaanza. Orrin alikuwa amefumba macho, mkono wake juu ya kitasa cha mashine, akikizungusha kidogo kidogo kama mtu anayemtuliza farasi. Ghafla akabonyeza kengele.

"Nini tena, Tackett?" simu ikafoka.

"Turudie, bwana. Mpeni maji. Ya uvuguvugu, yasiwe ya barafu."

Shangazi akamgeukia. "Mbona umesimamisha? Maneno yalikuwa yote."

"Sijui maneno, mama. Lakini mwishoni, lile neno refu kabla ya kutabasamu, alimeza machozi."

"Mimi sikusikia machozi."

"Hayakutoka. Aliyameza. Ukiyameza, sauti inarudi nyuma ya koo hivi, kama mtu aliyeingia ndani akafunga mlango." Akaona haya kwa kusema mengi. "Ni neno gani hilo?"

Shangazi Etel alikuwa akimtazama jinsi mtu anavyoutazama mlango aliopita miaka mingi bila kujua kwamba unafunguka.

"Ni 'nyumbani'," akasema hatimaye. "Wameandika, 'ninyi mlioko nyumbani'."

Orrin akaitikia kwa kichwa. Chini kule mtu alimpa Piroska kikombe, naye akanywa, akainua uso kuelekea kioo cha kibanda, ambako kutokana na mwanga wa taa hakuweza kuona chochote. Hata hivyo alitazama. Pengine ni kutazama kule kulikomfungua, kwa maana taa nyekundu ilipowaka mara ya pili, binti wa mkuu wa stesheni hakuyasema maneno aliyoandikiwa.

Orrin alisikia sauti tu, iliyotulia, isiyo na mchanga tena. Alikizungusha kitasa chake, akashangaa kwamba wakati huu ilikuwa ndefu. Lakini wewe msomaji usibaki nje ya kioo. Haya ndiyo aliyoyasikia Shangazi Etel.

"Mabibi na mabwana, ninyi mlioko nyumbani. Wimbo unaofuata ni wa wapendanao wawili ambao, nawaibia siri, hawasalimiani wakishashuka ngazi. Msiwahukumu, ni kazi. Lakini mapenzi yamo humu ukumbini, ila hamtayaona, kwa sababu yamefungiwa ndani ya kibanda cha kioo, juu kule. Yupo kijana ananisikiliza sasa hivi, na haelewi hata neno moja. Baba, kama umeketi hapo siku ya soko, kofia magotini, tafadhali usiinuke. Siji kwa Bwana Vidor. Sijaisahau nyumba yetu. Naiota mpaka naamka nimesikia kengele ya stesheni. Lakini nimeishi na watu walioelewa kila nilichosema wasinisikie. Huyu haelewi, na ananisikia. Naomba baraka yako. Usiponipa, nitabaki hivyo hivyo. Na sasa, Bi Corinne Vail na Bwana Desmond Lark."

Akatabasamu. Pazia likafunguka. Taa nyekundu ikazimika.

"Safi sana!" Bwana Fenwick akapaza sauti. "Binti ana uso wa kuzungumza! Ila ilikuwa ndefu, sivyo?" Akainua simu ya kibandani. "Mama mkaguzi! Maneno ni sawa?"

Hapo ndipo palipokuwa na kila kitu. Lau Shangazi angesema "sawa", filamu ingefungwa kwenye makopo, ikavuka bahari, na kaka yake angeambiwa mbele ya mji mzima jambo ambalo hakuna binti wa Makó aliyewahi kumwambia baba yake hata jikoni. Lau angesema "si sawa", Piroska angerudishiwa karatasi yake, angeisoma kama ilivyoandikwa, na Jumamosi angepanda treni. Piroska alisimama chini ya taa, mikono imeshikana mbele ya hariri. Alijua kwamba shangazi yake alikuwa juu kule. Alikuwa amezungumza akijua.

"Amesema nini?" Orrin akanong'ona.

"Nyamaza kwanza."

"Mama, kama kakosea, usimwadhibu. Ni uchovu. Mimi naweza kuwaambia mashine ndiyo iliyoharibu."

"Nimekuambia nyamaza, kijana." Akaichukua simu, akaishika kwa mikono miwili kama mtungi. "Si sawa," akasema. "Arudie."

Alivua vyombo masikioni, akasimama, akashuka zile ngazi za chuma kofia ikiwa imenyooka. Wasichana wa dansi wakampisha. Bwana Fenwick alitaka kusema jambo akaona afadhali anyamaze. Mkaguzi alikuwa mkaguzi, na yeye hakujua tofauti kati ya Kihungari na chafya.

"Shangazi," Piroska akasema kwa lugha yao. "Usinikaripie mbele ya watu."

"Hawasikii kitu hawa, ni kama kuku. Nitazame. Umemwambia baba yako kuna kijana kibandani."

"Ndiyo."

"Kijana gani?"

"Shangazi, unamjua..."

"Mimi namjua. Baba yako Gáspár anamjua? Atoke pale sinema, watu wamemzunguka, 'Bwana mkuu, mkweo nani?' Ajibu nini, 'Kibanda'? Baba hawezi kubariki kibanda, Piroska. Mtu anaombewa baraka kwa jina lake, la kwake na la ukoo wake. Hata mbuzi akiuzwa husemwa alikotoka."

Piroska akainua macho kuelekea kibandani.

"Na lile la 'usiponipa, nitabaki hivyo hivyo', litoe. Umekuwa askari? Baba haombwi kwa vitisho. Sema kwamba dada yake Etel amemwona, amemchunguza, na amemlisha mezani kwake."

"Lakini hukumlisha, shangazi. Ulimwacha barazani."

"Nitamlisha Jumapili. Filamu itafika Makó baada ya Jumapili au kabla?"

"Baada," Piroska akasema, na sasa machozi aliyokuwa akiyameza tangu alfajiri yalitoka yote, hata msichana wa poda akaja mbio akilalamika.

"Basi si uongo." Shangazi akatoa leso mkobani, akamfuta mwenyewe, akimsukuma msichana wa poda kwa kiwiko. "Usilie kwenye rangi ya watu. Na simama wima. Wasije wakasema Makó kwamba tunakula vibaya huku."

"Kuna tatizo, mama?" Bwana Fenwick akauliza. "Matamshi?"

"Kulikuwa na neno limesahauliwa," Shangazi akamjibu kwa Kiingereza. "Sasa anajua."

"Na itakuwa fupi?"

"Kihungari ni lugha ndefu, bwana."

Akapanda tena ngazi, akihema. Orrin alikuwa amesimama mlangoni, rangi imemtoka, kama mshtakiwa anayewaona wazee wakirudi barazani. Alikuwa ameona kupitia kioo: leso, machozi, midomo ya mama yule ikienda kasi. Alikuwa amefikia hitimisho ambalo mtu yeyote angelifikia.

"Nimeelewa, mama," akasema. "Nitamaliza kazi, kisha sitamsumbua. Naomba tu unifundishe neno la kumuaga. Moja. Nisimuage kwa Kiingereza."

Shangazi Etel akaketi, akajivisha vyombo masikioni mwenyewe, kofia ikapinda asijali.

"Keti," akasema. "Fanya kazi yako. Sikiliza."

Taa nyekundu ikawaka. Ukumbi ukanyamaza. Piroska alianza upya, na Orrin akaifuata sauti kama alivyoifuata tangu siku ya kwanza, bila kujua inakokwenda, akiona tu sindano ya mashine ikipanda na kushuka kwa pumzi zake. Ilipita pale penye 'nyumbani', na mara hii mlango haukufungwa. Ilicheka kidogo. Ikashuka, ikawa ya mtoto anayezungumza na mtu mzima aliyeketi karibu. Kisha, katikati ya lugha ile asiyoijua, katikati ya yale maneno marefu yaliyompita siku zote kama mabehewa ya usiku, alilisikia jina lake.

*Orrin Tackett.* Alilisema pole pole, majina yote mawili, herufi zikiviringika kwa namna ambayo hakuna mtu wa Kansas aliyewahi kuliviringisha. Halafu akalisema tena, la kwanza peke yake, kama mtu anayeweka sahani ya ziada mezani.

Mkono wa Orrin uliganda juu ya kitasa. Hakuthubutu kugeuka. Kando yake alihisi Shangazi Etel ameufunika mkono ule kwa wake, uliokakamaa kwa kukanda unga, akakizungusha kitasa taratibu pamoja naye, ili sauti isipotee.

Pazia likafunguka. Taa ikazimika. Chini kule Piroska hakutabasamu kwa kamera. Aliutazama mwanga uliomzuia kuona, akangoja.

Simu ikalia. "Tackett!" Bwana Fenwick akauliza. "Sauti vipi? Imeingia?"

Orrin aliinua simu, akaiweka mdomoni, akajaribu kusema. Akajaribu tena. Shangazi akamnyang'anya simu.

"Imeingia," akasema kwa Kiingereza chake cha jikoni. "Imeingia yote. Mwache huyu ashuke."